Pilipili mbuzi zilizogoma kuota Kigamboni

Kisa chenyewe ni hiki. Mama mmoja wa Kigamboni, nyumba yake ikiwa mwendo mfupi tu kutoka baharini, anauza mihogo ya kukaanga jioni, na chachandu anaitengeneza mwenyewe. Pilipili mbuzi ndiyo roho ya chachandu ile, lakini bei yake sokoni haitulii. Ikipanda, faida ya mihogo inaishia kwenye pilipili. Akaamua kuotesha zake nyuma ya nyumba. Alisia mbegu kwa mara ya kwanza Januari, hazikuota. Akarudia, zikachomoza chache, zikafa zingali na majani mawili. Akanunua pakiti kwenye duka la pembejeo, matokeo yakawa karibu yaleyale. Aliponiita nikatazame, ukutani uani palikuwa pamepangwa ndoo za rangi zilizokatwa, makopo ya maziwa na mifuko ya unga, vyote vimejaa udongo na hakuna mche hata mmoja.

Nakieleza kwa urefu kwa sababu watu wengi wa pwani wanakutana nacho, na karibu wote wanamaliza kwa kulaumu mbegu. Hapa mbegu ilikuwa na kosa kweli. Lakini kulikuwa na kosa la pili, kubwa zaidi, na la kwanza lilikuwa limelifunika.

Alivyosia

Pilipili za mbegu alizinunua sokoni. Alichagua zile ngumu, za kijani, zenye kung'aa, kwa kuwa mtu yeyote mwenye macho huchagua hizo: hazijaanza kunyauka na zitadumu. Alizipasua, akakwangua mbegu, akazianika juu ya bati mchana kutwa. Kisha akachemsha maji ya kisima, yakapoa, akaloweka mbegu usiku kucha ili kuua vijidudu. Udongo ulikuwa wa uani, umechanganywa na samadi ya kuku iliyotoka bandani wiki hiyohiyo. Juu yake akatandaza majivu ya jikoni kufukuza sisimizi. Makopo hayakutobolewa chini ili udongo usivuje. Akawa anamwagilia kidogo kidogo, asubuhi na jioni, maji ya kisima.

Hakuna hata moja kati ya hayo lililofanywa kwa uzembe. Kila jambo lina sababu ambayo mtu mwangalifu angeitoa, na ndiyo maana kosa lilikuwa gumu kuonekana.

Waliotuhumiwa

Mtuhumiwa wa kwanza ni mbegu. "Dada, mbegu hizi wameziua makusudi ili turudi kununua," aliniambia, na alimaanisha za sokoni na za dukani pia. Za sokoni tutazirudia. Pakiti ya dukani niliisoma pande zote. Ilikuwa na lebo ya TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu yenye makao Morogoro, tarehe ya kupimwa haikuwa ya zamani, na mfuko ulikuwa haujaguswa na unyevu. Mbegu ya pilipili ikihifadhiwa pakavu na mahali pa baridi kiasi huendelea kuota vizuri kwa miaka miwili hadi mitatu. Pakiti ile ilikuwa ndani ya muda wake. Kuituhumu bila kuipima hakukuwa haki.

Mtuhumiwa wa pili alikuwa joto. Kijana wake alikuwa ameona video za wapanda pilipili wa Uingereza, wenye mikeka ya umeme chini ya trei na taa juu yake, akaamini bila vifaa hivyo pilipili mbuzi haioti. Vifaa vile vina maana kwao, kwa sababu Februari ya kule ni baridi na mbegu ya pilipili inataka udongo wenye nyuzijoto kati ya 25 na 30. Dar es Salaam joto hilo tunalo bure karibu mwaka mzima. Angekuwa Njombe au Lushoto mwezi wa Juni, hapo ningemsikiliza.

Maji ndiyo pekee ambayo hayakutuhumiwa, na utetezi wake ulikuwa imara. "Maji hayahaya ndiyo yananyweshea mchicha, na mchicha si huo hapo?" Kweli, tuta la mchicha lilikuwa limestawi hatua chache tu kutoka kwenye makopo matupu. Na pembeni ya kisima kulikuwa na mnazi unaozaa vizuri.

Ukoko mweupe

Nilichuchumaa mbele ya kopo moja la maziwa. Udongo wa juu ulikuwa mkavu, umepasuka katikati, na kuzunguka ukingo, pale udongo unapokutana na bati, palikuwa na utepe mweupe. Nilidhani ni majivu. Nikaukwangua kwa ukucha: haukuwa vumbi, ulikuwa ukoko, unatoka vipande vipande, na ndani yake kuna punje ndogo zinazometa. Nikagusa kidogo kwa ncha ya ulimi. Chumvi. Makopo mengine yalikuwa na ukoko uleule, na kwenye ndoo za plastiki ulikuwa umepanda ukutani mpaka juu ya udongo kwa upana wa kidole.

Maji ya visima vifupi karibu na bahari mara nyingi huwa na chumvi, na huzidi wakati wa kiangazi, pale mvua imekoma na watu wanavuta maji kila siku: maji matamu yaliyo juu yanapungua na ya bahari yanasogea. Wenyeji wanayajua. Wanasema "maji ya magadi" au "maji yana chumvi kidogo", wanafulia, wanaoshea vyombo, na ya kunywa wananunua. Tatizo ni hiyo "kidogo". Maji yakimwagwa kwenye kopo lisilo na tundu hayana pa kutokea ila hewani, na yanapopanda hewani chumvi inabaki. Asubuhi inabaki kidogo, jioni kidogo, kesho tena. Baada ya wiki tatu, udongo wa kopo una chumvi nyingi kuliko kisima chenyewe.

Halafu chumvi haikutoka kisimani peke yake. Majivu ya kuni na mkaa yana chumvi za potasiamu, na huufanya udongo kuwa na ukali wa magadi. Samadi mbichi ya kuku ina chumvi nyingi, na inatoa amonia ambayo huunguza mizizi michanga. Hata yale maji yaliyochemshwa: moto unaua vijidudu, lakini chumvi hauiondoi. Maji yanapopungua sufuriani, chumvi inakolea. Kwa hiyo mbegu zake zilikutana na chumvi tangu usiku wa kulowekwa, zikaingizwa kwenye udongo wenye chumvi ya samadi, zikafunikwa kwa chumvi ya majivu, na zikanyweshwa chumvi kila siku.

Kwa nini mchicha ukapona? Kwa sababu mimea haifanani. Mchicha unavumilia chumvi kuliko pilipili, na ule ulikuwa kwenye tuta la ardhini ambako maji yanazama na kusukuma chumvi chini, huku yeye akivuna majani ndani ya wiki chache kabla hayajaathirika. Mnazi ni mti wa ufukweni. Pilipili ni mmea wa aina nyingine kabisa. Mwaka 1977 wataalamu wawili wa Marekani, Maas na Hoffman, walitoa jedwali ambalo watu wa umwagiliaji wanalitumia mpaka leo. Pilipili imewekwa humo kwenye kundi la mimea inayoumia mapema: chumvi ya udongo ikivuka desisimensi 1.5 kwa mita (kipimo cha chumvi kwa kutazama jinsi umeme unavyopita), mavuno yanaanza kushuka, takribani asilimia 14 kwa kila desisimensi moja inayoongezeka. Maji ya bahari yana karibu 50. Na hapo wanazungumzia mmea mkubwa. Mche mchanga una hali mbaya zaidi.

Kipimo cha sahani

Kuona chumvi si kuthibitisha kwamba chumvi ndiyo iliyoua. Mbegu za kijani bado zilikuwa na shaka yake, na kama tungebadilisha kila kitu kwa pamoja na miche ikaota, tusingejua ni kipi kilichosaidia. Kwa hiyo tulitenganisha.

Nilimwomba anunue pilipili mbuzi zilizokwisha kubadilika rangi, nyekundu na za rangi ya chungwa, akaziacha kwenye ungo jikoni mpaka zikalainika kidogo. Zile za kijani tulizokuwa nazo tukazitoa mbegu siku hiyohiyo. (Anayefanya kazi hii ajipake mafuta ya kula mikononi kwanza. Ukali wa pilipili, yaani kapsaisini, unayeyuka kwenye mafuta na si kwenye maji, na umejaa kwenye ule utando mweupe unaoshikilia mbegu. Mbegu zenyewe zinaupata kwa kugusana nao.) Makundi yote mawili tukayakausha kivulini juu ya sahani, mbali na bati, maana bati la mchana wa Januari linaweza kuvuka nyuzi 50 na kijusi cha mbegu mbichi hakistahimili.

Kisha vyombo vinne vya plastiki vyenye vifuniko, kila kimoja na karatasi laini iliyolowa. Mbegu za mbivu kwa maji ya chupa. Za mbivu kwa maji ya kisima. Za kijani kwa maji ya chupa. Za kijani kwa maji ya kisima. Idadi sawa kila chombo, vyote rafu moja jikoni, na kila kimoja kimeandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Kila asubuhi anafunua, anatazama, anaongeza tone pakikauka.

Pilipili mbuzi inahitaji uvumilivu. Mchicha unaota siku ya tatu au ya nne. Pilipili mbuzi inaweza kuchukua wiki moja hadi tatu, na nyingine huvuka hapo. Wengi humwaga udongo mbegu ikiwa ndiyo kwanza inajiandaa.

Majibu yalikuwa wazi kuliko nilivyotarajia. Za mbivu kwa maji ya chupa ziliota karibu zote, mzizi mweupe ukitokeza kwanza pale penye kijichongo cha mbegu. Za mbivu kwa maji ya kisima ziliota chache, zikachelewa, na ncha za mizizi zikageuka kahawia. Za kijani kwa maji ya chupa ikatokea moja hapa na moja pale. Za kijani kwa maji ya kisima hazikuota kabisa, zikafanya ukungu.

Hapo ndipo kisa kilipofunguka. Angebadilisha mbegu peke yake, maji yangemwangusha, na ndivyo ilivyokuwa kwa pakiti ya dukani. Angebadilisha maji peke yake akabaki na mbegu za kijani, angepata miche miwili na kusema maji hayana kosa. Makosa mawili yakikaa pamoja, ukirekebisha moja unaona kama hujarekebisha kitu.

Kwa nini ilikuwa hivyo

Habari ya mbegu za kijani ni nyepesi. Tunda linavunwa bichi kwa ajili ya soko, siyo kwa ajili ya mbegu. Ndani yake kijusi hakijakamilika wala akiba ya chakula haijajaa. Mbegu ya pilipili hukomaa tunda linapobadilika rangi, na huendelea kuimarika siku kadhaa zaidi ikiachwa ndani ya tunda hilo.

Chumvi inafanya kazi kwa njia mbili. Mbegu kavu haiwezi kuamka mpaka ifyonze maji, na maji huvutwa kuelekea upande wenye chumvi nyingi. Nje kukiwa na chumvi nyingi, mbegu inakaa ndani ya unyevu lakini haishibi maji. Hata ikifaulu, sodiamu na kloridi zinaingia kwenye mzizi mchanga na kuusumu. Ndiyo maana ile michache ya mwanzo ilichomoza halafu ikakauka kingo za majani, kama iliyopitiwa na moto, huku udongo ungali na unyevu. Mtu akiona jani limekauka huongeza maji. Maji yenyewe ndiyo yaliyokuwa na chumvi.

Jambo moja alilokuwa akilirudia kwa uchungu ni kwamba kwao Muheza pilipili zinajiotea zenyewe nyuma ya nyumba, hakuna anayezipanda. Ni kweli, na linaeleweka sasa. Ndege kama shore wanakula pilipili mbivu bila kuungua, kwa sababu kipokezi cha maumivu ambacho kapsaisini inakichokoza kwetu sisi wanyonyeshao hakiitikii hivyo kwa ndege. (David Julius, aliyekitambua kipokezi hicho, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021.) Ndege anachagua tunda lenye rangi, yaani lililoiva, anaangusha mbegu chini ya kivuli cha mti, na Muheza kuna mvua nyingi na hakuna maji ya bahari. Masharti yote ambayo Kigamboni yalikosekana, kule yanatimia bila mtu kuyapanga.

Tulivyoanza upya

Tulisubiri Machi. Maoni yangu ni kwamba kwa Pwani hii, pilipili mbuzi isiwe na miche michanga Januari hata kama maji ni mazuri. Ukisia Machi, masika inakupa maji matamu ya bure na inaosha chumvi kwenye udongo. Unapandikiza Mei mvua ikielekea kwisha. Na maua yanatoka Juni na Julai usiku ukiwa umepoa. Joto la usiku likizidi nyuzi 24 hivi, pilipili huanza kupukutisha maua, na usiku wa Januari hadi Machi wa Dar mara nyingi uko juu ya hapo.

Kinachowatisha wengi ni hofu kwamba watahitaji maji matamu mengi. Kitalu hakihitaji mengi. Dumu moja la lita 20 lililokingwa kwenye bati la nyumba linatosha trei ya miche kwa wiki kadhaa. Ukikinga, acha mvua ya kwanza ioshe vumbi la bati, halafu kinga.

Makopo yote yalitobolewa. Udongo wa zamani haukurudishwa. Tulichukua udongo mpya, mboji iliyooza mpaka haina harufu, na pumba za mpunga kuufanya mwepesi. Majivu hapana. Mbegu zikafunikwa udongo wa kina kisichofika sentimita moja, zikawekwa barazani chini ya paa ili mvua kubwa isizifukue.

Kinyausi kiligusa kopo moja. Miche iliyobanana ilisinyaa shingoni ikalala usiku mmoja. Hilo linatokana na vimelea vya udongoni vinavyopenda unyevu usiokatika na hewa isiyopita. Tuliipunguza iliyobaki, akawa anamwagilia asubuhi tu, na anasubiri uso wa udongo ukauke kwanza. Halikurudi.

Miche ilipofikisha majani sita ya kweli ilihamishiwa kwenye ndoo za lita 20 zenye matundu, na mingine ardhini, nafasi ya nusu mita na zaidi kidogo.

Kiangazi

Hapa ndipo penye uzito, na sitaki mtu adhani mvua imemaliza kila kitu. Kuanzia Juni tangi lake la mvua lilipungua, na kununua maji ya kunyweshea pilipili hakulipi. Alilazimika kurudi kisimani. Mmea mkubwa unavumilia kuliko mche, lakini si bila masharti.

Anachanganya nusu ya kisima na nusu ya mvua mpaka mvua iishe. Anamwagilia mara chache lakini kwa wingi, mpaka maji yatoke chini ya ndoo, kwa sababu yale yanayotoka ndiyo yanayobeba chumvi. Kumwagilia kidogo kidogo ndiko kunakoirundika. Ndoo zimeinuliwa juu ya matofali ili maji yatoke kweli. Juu ya udongo kuna matandazo ya makuti yaliyokatwakatwa, jua lisivute maji kwa kasi. Na muhimu kuliko yote, alikubali kupunguza vichaka. Alitaka vingi. Nilimwambia bora vichache vinavyopata maji ya kutosha kuliko uani mzima unaokauka kingo. Aling'oa vile vilivyokuwa dhaifu, na najua ilimuuma.

Kichaka kimoja kilipata majani machanga membamba, magumu, yaliyojikunja kwenda chini, na chini yake yana rangi ya shaba. Huyo ni utitiri. Salfa iliyopulizwa jioni iliutuliza na majani yaliyofuata yakatoka mazima. Kingine kilikuwa na mabaka ya njano na kijani na vidukari chini ya majani. Hiyo ni dalili ya virusi, haina dawa, tukaking'oa kabla vidukari havijaipeleka kwa jirani zake.

Matunda ya kwanza aliyachuma Agosti. Ni madogo kuliko ya sokoni, na kingo za majani ya chini bado zinaungua kidogo, dalili kwamba chumvi ipo na inafanya kazi yake. Hayatoshi chachandu ya wiki nzima. Yanatosha zile siku ambazo bei sokoni imepanda, na hesabu yake tangu mwanzo ilikuwa juu ya siku hizo.

Kichaka kilichozaa vizuri zaidi kwa maji ya mchanganyiko amekifunga kitambaa chekundu na haruhusu mtu kukichuma kikiwa na tunda bichi. Mbegu zake zitatolewa kwenye matunda yaliyoiva kabisa na kupimwa Februari kwenye vyombo vitatu: maji ya mvua, nusu kwa nusu, na kisima kitupu. Zikiota vya kutosha kwenye nusu kwa nusu, atajua anahitaji kukinga madumu mangapi kabla ya kusia. Zisipoota, kitalu kitabaki kwa mvua peke yake na kisima kitangoja miche ikue.